Ndege Ndogo za Endulen na Kanuni Zilizoandikwa Mbali

Tarehe 10 Januari 1959, ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia mfano wa pundamilia, iligongana na tumbusi ikiwa juu ya nyanda za Ngorongoro, ikaanguka. Rubani wake, Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, na magari ya watalii hulipita kila siku yakielekea Serengeti.

Kisa hicho husimuliwa zaidi na watu wa uhifadhi. Mtu wa usalama wa anga akikisikia huuliza jambo jingine: je, chombo kile kilitakiwa kisheria kustahimili pigo la tumbusi? Hata leo, miaka zaidi ya 60 baadaye, kanuni za Marekani za ndege ndogo, ambazo nchi nyingi duniani huzitegemea, zinadai tu kwamba kioo kilicho mbele ya rubani kistahimili pigo la ndege wa paundi mbili, yaani gramu 900 hivi. Tena sharti hilo linahusu vyombo vinavyobeba abiria kuanzia 10 hadi 19. Cessna 206, ambayo viti vyake vyote ni sita, haimo. Tumbusi wa Rüppell, anayezaliana kwenye magenge ya Olkarien kaskazini mwa Ngorongoro, ana kilo saba, pengine zaidi. Mwaka 1973 mmoja wa jamii yake aligongwa na ndege kubwa ya abiria juu ya Abidjan, katika kimo cha zaidi ya mita 11,000, kwa hiyo hata kupaa juu sana si dawa ya kumkwepa.

Aliyeandika kanuni ile hakuwa mzembe. Alikuwa akiwaza viwanja vya Kansas na Ohio. Na hapo ndipo mjadala wa kurekebisha kanuni za usalama wa ndege ndogo unapowagusa watu wa Endulen, ingawa wengi wao hawajawahi kuisikia mada yenyewe.

Endulen ni kata ya wafugaji ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kusini magharibi mwa kreta, jirani na Laetoli penye zile nyayo za kale. Hospitali yake, inayomilikiwa na Jimbo Kuu Katoliki la Arusha, imekuwa tegemeo la maboma ya upande huo kwa miongo mingi. Anayetaka kutoka hapo kwenda Karatu kwa gari hana budi kupanda hadi ukingo wa kreta, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,200, kisha ateremke hadi lango la Lodoare. Masika yakikolea, njia hiyo huwa tope na ukungu. Mama aliyepatwa na uchungu pingamizi usiku hawezi kungoja tope likauke. Ndege ya viti sita inahitaji kipande cha nyasi kilichonyooka na mtu wa kuwaondoa ng'ombe.

Huduma ya namna hii ina historia ndefu katika ukanda huu. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walibuni miguuni mwa Kilimanjaro wazo la madaktari wanaoruka, ambalo baadaye lilikua na kuwa AMREF. Kwa upande wa Arusha, Flying Medical Service ilianza mwaka 1983 na kwa miaka karibu 40 ilipeleka kliniki za watoto na kubeba wagonjwa wa rufaa kutoka vijiji vya wafugaji, Endulen ikiwemo.

Chombo kama hicho hakiruki kwa hisani ya rubani. Kuna vyeti vitatu nyuma yake, na watu wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni cheti cha aina. Hiki hutolewa mara moja na mamlaka ya nchi ya mtengenezaji, kikithibitisha kwamba muundo wenyewe, kwa mfano Cessna 206, umepimwa ukakidhi masharti. Cha pili ni cha chombo kimoja kimoja: kwamba hii hapa, yenye namba inayoanza na 5H ubavuni, imetengenezwa na kutunzwa kulingana na muundo ule na inafaa kuruka. Hapa nchini hicho hutolewa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Cha tatu ni cha mwendeshaji: kwamba kampuni au shirika lina marubani, mafundi, miongozo na utaratibu wa kufanya safari hizo. Msingi wa yote ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Kiambatisho chake cha 8 kinaweka masharti ya chini ambayo cheti cha nchi moja kikiyatimiza, nchi nyingine inapaswa kukiheshimu.

Mageuzi yanayozungumzwa duniani yalianzia kwenye kile cheti cha kwanza, na sababu yake ilikuwa ya aibu kidogo. Kanuni zilizotakiwa kuleta usalama zilikuwa zimeanza kuuzuia. Kitabu cha Marekani kinachoitwa Sehemu ya 23, ambacho mizizi yake inarudi hadi miaka ya 1940, kilikuwa kimenenepa mwaka hadi mwaka. Kila ajali iliongeza aya. Kiliainisha vyombo kwa uzito na aina ya injini, kikaeleza kwa undani kila kipande kiweje. Kubuni kitu kipya kulikuwa ghali kiasi kwamba viwanda viliona ni afadhali kuendelea kutengeneza muundo wa zamani wenye cheti tayari. Cessna yenyewe ilisimamisha kutengeneza ndege zake za injini za pistoni mwaka 1986, kwa sehemu kubwa kutokana na mzigo wa kesi za fidia, na 206 haikurudi kiwandani hadi mwaka 1998, baada ya sheria ya mwaka 1994 kuwawekea watengenezaji kikomo cha miaka 18 cha kushtakiwa. Ndiyo maana fundi wa Arusha anaweza kujikuta anahudumia chombo kinachomzidi umri.

Kamati iliyoundwa na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilitoa ripoti mwaka 2013 yenye lengo la kuongeza usalama maradufu kwa nusu ya gharama. Novemba mwaka huohuo Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kuilazimisha FAA iandike upya Sehemu ya 23. Kanuni mpya ilitolewa Desemba 2016 na kuanza kutumika tarehe 30 Agosti 2017. Ulaya, kupitia mamlaka yake ya usalama wa anga, EASA, yenye makao Köln, ilianza kutumia kanuni inayofanana nayo katikati ya Agosti 2017, wiki mbili kabla ya Wamarekani.

Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Zamani kanuni ilimwambia mjenzi ukuta wake uwe wa tofali za nchi ngapi; sasa inamwambia ukuta usianguke mvua ya upepo ikipiga, na yeye aoneshe jinsi atakavyohakikisha. Njia za kuonesha hazimo tena ndani ya kanuni. Zimo kwenye viwango vinavyoandikwa na kamati ya wataalamu wa viwanda na mamlaka chini ya taasisi ya ASTM, ambavyo huweza kurekebishwa bila kuandika upya kanuni yenyewe. Uainishaji kwa uzito na injini ukaondoka, badala yake kukawa na ngazi nne kwa idadi ya abiria: hadi mmoja, wawili hadi sita, saba hadi tisa, na 10 hadi 19. Juu ya hapo ni mwendo, kasi au polepole, mpaka ukiwa noti 250. Kikomo cha uzito kwa kundi zima ni kilo 8,618.

Mfano mmoja unafaa kuangaliwa kwa karibu. Kwa miaka mingi ndege ya injini moja ilitakiwa iweze kuruka polepole hadi noti 61, kama kilomita 113 kwa saa, kabla bawa halijaacha kuibeba. Mantiki yake ni kwamba injini ikizimika rubani atatua popote, shambani au mtoni, na atakayegonga ardhi polepole ana nafasi ya kupona. Ni mantiki nzuri. Lakini namba 61 si uchawi. Kiti kilichojaribiwa kwa pigo kali, mkanda mzuri wa bega na sehemu ya mbele inayojikunja kwa utaratibu vinaweza kumlinda mtu anayegonga kwa noti 65 kuliko kiti cha mabati cha miaka ya 1960 kinavyomlinda anayegonga kwa 58. Kanuni mpya inauliza kama mtu atapona, na inamruhusu mbunifu kuchagua njia. Wakati huohuo imekaza pale penye vifo vingi zaidi: chombo cha injini moja kinatakiwa kisiwe na tabia ya kumponyoka rubani ghafla kinapopoteza mwendo, kwa kuwa kumponyoka rubani ndiko kunakoongoza kwa kuua katika ndege ndogo.

Ni rahisi kusikia habari hizi ukiwa Karatu na kusema hayatuhusu, maana ndege mpya zitakazobuniwa kwa kanuni ya 2017 zitafika huku wajukuu wakiwa wazee. Kweli, kwa kiasi. Kinachotuhusu ni mlango mdogo uliofunguliwa pembeni: vifaa vya nyongeza kwa ndege za zamani.

Chukua kifaa kinachompimia rubani pembe kati ya bawa na upepo, ambacho humwonya mapema kwamba bawa liko karibu kuacha kubeba. Ndege za kivita zilikuwa nacho zamani. Kwenye ndege ndogo hakikuenea kwa sababu kupata kibali kuligharimu kuliko kifaa chenyewe. Februari 2014 FAA ilirahisisha: mtengenezaji athibitishe kwamba amefuata kiwango cha ASTM, apeleke maombi ofisi moja ya Chicago, basi. Mwaka 2016 ikafuata ruhusa ya kufunga saa za kisasa za kielektroniki za kuonesha mkao wa chombo, zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege za kujiundia nyumbani, ndani ya Cessna na Piper zenye vyeti. Saa za zamani huendeshwa na pampu ya hewa. Pampu hiyo ikifa ndani ya wingu, rubani hubaki na saa zinazomdanganya taratibu.

Ndani ya wingu. Maneno hayo yana uzito wa pekee Ngorongoro. Tarehe 15 Novemba 2017 Cessna 208 ya kampuni ya Coastal Aviation, ikitoka Arusha kwenda Serengeti, ilianguka eneo la kreta ya Empakaai, na watu wote 11 waliokuwemo walikufa. Cessna 208, maarufu kama Caravan, ni aina iliyopata cheti chake mwaka 1984 na inaheshimika dunia nzima. Cheti cha aina hakiiondoi milima. Tarehe 28 Oktoba 2025 Caravan nyingine, ya Mombasa Air Safari, iliyoruka kutoka Diani kuelekea Maasai Mara, ilianguka Kwale na kuua watu 11. Kila ajali ina uchunguzi wake na si haki kuzifunga fungu moja, ila zote mbili zinaonesha ni nani hasa hupanda ndege hizi Afrika Mashariki. Wanaopanda ni abiria wa kulipa, wagonjwa na watalii. Kanuni ya Marekani ilimwaza zaidi mtu binafsi anayejirusha mwenyewe siku ya Jumamosi.

Tazama mipaka ilivyochorwa. Kwa miaka mingi masharti ya kimataifa ya kuwa na kifaa cha kumwonya rubani kwamba ardhi inakaribia yaliwekwa kwa ndege za uzito wa zaidi ya kilo 5,700 au zinazobeba abiria zaidi ya tisa. Chini ya hapo lilibaki pendekezo, na kwa ndege ndogo ya pistoni hakukuwa na hata pendekezo. Ile ya viti sita inayozunguka ukingo wa kreta asubuhi ya ukungu iko chini ya mstari. Leo kompyuta ya mkononi yenye ramani ya miinuko inaweza kumpa rubani sehemu kubwa ya onyo hilo kwa bei ndogo, na nchi isiyo na utaratibu mwepesi wa kuridhia vifaa hivyo huishia kuwa na marubani wanaovitumia kimyakimya bila mafunzo.

Kimo nacho kina hesabu yake. Uwanja wa Arusha uko mita 1,387 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi, na ndege huruka kana kwamba uwanja uko karibu mita 2,270. Injini isiyo na msaada wa kushindilia hewa hupungukiwa nguvu, pangaboi hushika hewa kidogo, bawa nalo hubeba pungufu, yote kwa pamoja. Endulen iko juu kuliko Arusha, na kiwanja chake ni cha udongo na nyasi. Kitabu cha chombo, ambacho ni sehemu ya cheti, kina majedwali ya umbali wa kuondokea, lakini yalipimwa na rubani wa kiwanda, kwa injini mpya, na mara nyingi juu ya lami. Mamlaka inayojali ingeweza kudai nyongeza ya asilimia fulani kwa viwanja vya nyasi vilivyo juu. Sharti la namna hiyo ni la kienyeji, na hakuna atakayetuandikia kutoka Washington.

Sasa tufike penye uchungu. Aprili 2022 ndege za Flying Medical Service zilizuiwa kuruka, jambo lililoripotiwa na Oakland Institute na baadaye Human Rights Watch katika taarifa zao kuhusu kubanwa kwa huduma za jamii ndani ya hifadhi, ikiwemo kupunguzwa kwa hadhi na fedha za hospitali ya Endulen. Serikali imeshikilia kwamba wafugaji wanaotoka hifadhini kuhamia Msomera, Handeni, wanahama kwa hiari. Mgogoro wa ardhi ya Ngorongoro una kurasa zake. Kwa hoja ya usalama wa anga inatosha kusema hivi: chombo kinapofungiwa, hatari aliyokuwa nayo mgonjwa haifungiwi pamoja nacho. Inahamia barabarani, kwenye pikipiki, au nyumbani.

FAA ina wazo linalosaidia hapa, kwamba ukali wa kanuni uwe na ngazi. Yule anayejirusha mwenyewe awe na ngazi yake, aliyelipa nauli ngazi ya juu zaidi, na shirika kubwa la ndege juu kabisa. Ndege ya wagonjwa haikai vizuri kwenye ngazi yoyote. Haibebi abiria wa nauli, lakini aliyelala kwenye machela hakuchagua. Nchi nyingi huilazimisha iingie ama kwenye kundi la biashara, lenye masharti ya kampuni ya mabilioni, ama kwenye kundi la binafsi, lisilo na usimamizi wa kutosha. Kundi la tatu lenye masharti yake, kuhusu viwanja, usiku, hali ya hewa na uzoefu wa rubani, lingekuwa mageuzi yenye maana kuliko kunakili aya za Sehemu ya 23.

Je, kulegeza hakuna hatari? Ipo, na Waafrika Mashariki wanaijua. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka na kuua watu 157, Wakenya 32 miongoni mwao. Ile ilikuwa Boeing 737 MAX, yenye kitabu chake kingine kabisa cha kanuni, lakini somo moja linavuka: mamlaka ilimwachia mtengenezaji ajikague mno. Kanuni inayouliza matokeo humpa mbunifu uhuru, na humtaka mkaguzi awe na akili zaidi. Orodha ya tofali inaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayejua kusoma. Hoja ya kihandisi inakaguliwa na mhandisi.

Hapo ndipo tulipo na upungufu, na umesemwa hadharani. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Tarehe 3 Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini Tanzania, ukitaja uhaba wa wataalamu wenye sifa na usimamizi dhaifu wa shughuli za urukaji na wa ubora wa ndege zenyewe. Hakuna Caravan ya safari inayoruka kwenda Frankfurt, lakini wakala wa Ulaya anayeuza safari ya Ngorongoro yenye kipande cha ndege ndani yake anapaswa kumwambia mteja. Watu wa hoteli za Karatu hawahitaji kuelezwa maana yake.

Dawa iliyo karibu ipo Entebbe. CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 2007, uliundwa ili nchi wanachama ziwe na kanuni zinazooana na zigawane wakaguzi. Kuoanisha kanuni kumekwenda mbali. Kugawana wakaguzi ndiko kunakohitaji msukumo, maana mtaalamu wa kupitia hoja ya kifaa kipya cha kielektroniki hawezi kupatikana katika kila mji mkuu, wala hana kazi ya mwaka mzima katika nchi moja. Kibali cha kifaa cha nyongeza kikipitiwa mara moja Entebbe kikakubalika kwenye ndege za 5H za Tanzania, 5Y za Kenya na 5X za Uganda, mwenye Cessna tatu Arusha hatarudia gharama ambazo mwenzake wa uwanja wa Wilson, Nairobi, ameshalipa.

Kazi hiyo ya kukagua vitu vipya haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mjini Morogoro kiwanda cha Airplanes Africa Limited kimekuwa kikiunda ndege za viti viwili aina ya Skyleader, zenye asili ya Jamhuri ya Czech, na Julai 2025 Marekani ilitangaza kuondoa kikomo cha kama kilo 600 kwa ndege nyepesi za namna hiyo, ikaweka mahali pake kipimo cha mwendo mdogo kabisa ambao chombo kinaweza kuruka nao. Ndege za kundi hili hutolewa kiwandani kwa tamko la mtengenezaji mwenyewe, pasipo cheti cha aina, na kwa hiyo nchi nyingine hailazimiki kuzipokea. Kila nchi itaamua peke yake kama zitaruhusiwa kubeba nani, wapi, na juu ya milima gani, na kwa Tanzania faili hilo litaangukia meza ya TCAA.